Refa Aliyejifukuza Mlangoni

Asubuhi za Jumamosi hapa Lurambi ukungu hukaa chini mpaka jua lipate nguvu, na nikimkumbuka Refa namkumbuka akitokea humo. Kwanza ulikuwa unaona soksi. Soksi nyeupe, zimevutwa mpaka magotini, zinatembea zenyewe kwenye nyasi. Halafu kaptura nyeusi, halafu tumbo, halafu filimbi, na mwisho kabisa ule uso wake usiotaka salamu. Kabla ya mechi hakusalimiana na mtu. Ukimwambia mulembe anakutazama kana kwamba umeingiza mpira kwa mkono. Mechi ikiisha anazunguka kwa kila mmoja, anakushika mkono, anakuuliza habari za ng'ombe, za watoto na za goti la mama yako.

Jina lake sitalitaja. Mwenyewe hakulipenda. "Jina ni la kanisani," alikuwa akisema, "hapa mimi ni Refa." Hata mkewe alimwita hivyo hivyo: Refa, njoo unywe chai. Mimi siku za kawaida ni fundi wa baiskeli pale njia panda, na Jumamosi nilikuwa mshika kibendera wake, kwa miaka mingi kuliko ndoa za watu wengine ninaowajua. Mimi nilikimbia kando ya mstari, yeye akakimbia katikati. Ndivyo tulivyojuana, na kwa sababu hiyo aliniita Kibendera mpaka watu wakasahau jina langu pia.

Uwanja wetu ni wa shule, umeinama upande mmoja, na kona ya chini kuna ng'ombe wa watu ambao hawaondoki hata mpira ukiwapiga. Mistari tuliichora kwa majivu. Mvua ikija, na huku kwetu mvua hunyesha kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, mistari inayeyuka yote. Refa hakujali. Alisema mistari ipo, ila sisi ndio hatuioni. Nimemwona akitoa penalti kwenye tope tupu. Watu wakipiga kelele anaonyesha kwa kidole: hapa ndani, pale nje. Na ajabu ni kwamba ukilitazama lile tope kwa muda, ulianza kuuona mstari wenyewe.

Uamuzi wake ulikuwa mmoja. Siku baada ya Krismasi fulani, wakata miwa kutoka Ekero walikuja kucheza na vijana wetu kugombea kondoo. Beki wetu alikuwa shemeji yake Refa, ndugu wa mkewe kabisa. Akamkwatua mtu. Refa akatoa kadi nyekundu. "Shemeji," yule beki akasema, "si asubuhi tumekula pamoja?" Refa akamjibu, "Hiyo ilikuwa chai ya nyumbani. Toka." Kondoo akaenda Ekero. Jioni ile mkewe hakumwekea chakula, akaja kula ndizi kwangu. Nilimuuliza kama alikiona kibendera changu, maana mpira ulikuwa umeshatoka kabla ya ile rafu, na mimi nilikiinua mpaka mkono ukauma.

"Nilikiona," akasema, anatafuna.

"Sasa mbona hukupuliza?"

"Nilikuwa nimeshaamua."

Basi, huyo ndiye. Lakini usidhani nyumbani alikuwa hivyo. Nyumbani alikuwa mtu wa kuulizwa na kujibu polepole. Mkewe ndiye aliyechagua shati atakalovaa, shamba lipandwe nini, na mgeni aketi wapi. Kulikuwa na mambo ya firigisi. Huku kwetu ingokho, yaani kuku, akichinjwa, firigisi ni ya mwenye boma, na zamani mwanamke hakuigusa kabisa. Refa aliwekewa firigisi yake juu ya obusuma, ugali wetu, mbele ya wageni wote, akashukuru, akaishika, akaongea mambo ya mpira ikiwa mkononi mpaka wageni wakaisahau. Halafu anainuka, ati anaenda kuongeza mchuzi. Siku moja nilimfuata jikoni. Mkewe alikuwa anatafuna huku amefumba macho, na Refa amesimama mlangoni anamlinda.

"Anaipendanga sana," akaniambia bila aibu. "Mimi nitaikulia nini?"

"Na sheria je?" nikamtania.

"Hiyo si sheria ya mpira."

Kichwa kilimpasukia uwanjani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema yeye baadaye, na hakukosea sana. Alikuwa amepuliza filimbi ya mapumziko, mara akashika kisogo, akaketi katikati ya duara kama mtu aliyeamua kupumzika hapo. "Kibendera," akaniita, "nani amenipiga?" Hakuna aliyempiga. Akatapika, shingo ikakakamaa, mwanga ukawa unamuumiza macho. Kutoka hapo mambo kwangu ni vipande vipande: gari la mwalimu mkuu, mkono wa mkewe dirishani, mvua, Nairobi.

Huko Nairobi walitueleza kwamba ndani ya kichwa mshipa mmoja wa damu ulikuwa umefura mahali pamoja, ukafanya kijifuko chembamba kama kipovu, na kile kijifuko kikavuja. Anurismu, walikiita. Hawakufungua fuvu. Walipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja ukapanda mpaka kichwani, na ndani ya kijifuko wakajaza uzi laini wa platinamu, umejikunjakunja humo, ili damu isipate nafasi ya kuingia tena. Mkewe akauliza kama uzi umebaki. Wakasema umebaki, na utakaa humo maisha yake yote. Ila damu ina ukaidi wake. Inaweza kuusukuma ule uzi taratibu na kujitafutia njia ya kurudi kwenye kijifuko, na mtu asihisi chochote, anakula na kucheka, mpaka siku kitakapovuja mara ya pili. Kwa hiyo lazima wawe wanachungulia. Picha ya kwanza baada ya miezi sita, halafu nyingine, na nyingine. Zinaweza kupigwa hapa hapa Kakamega mjini.

Alirudi amekonda, sauti imeshuka, lakini soksi ni zile zile. Habari ilikuwa imemtangulia: Refa ana chuma kichwani. Na radi ya Kakamega kila mtu anaijua. Kama wewe huijui, sisi hapa mvua ikianza tunafunika vioo, tunazima simu, mwenye shati jekundu analivua, na bado kila msimu inaua ng'ombe wa mtu. Basi mawingu yakikusanyika, wachezaji wanasogea mbali na Refa. Kwa mara ya kwanza katika uwanja ule hakuna aliyembishia. Anatoa penalti, nahodha anakuja mbio na mdomo wazi, anatazama juu, anaona weusi upande wa msitu, anapunguza mwendo. "Sawa tu, Refa," anasema, na kurudi. Tulicheka mpaka machozi. Nilimwambia awe anaombea mawingu kabla ya kila mechi ngumu.

Yeye hakucheka sana. Jumapili moja radi ilitukuta kanisani, na katikati ya mahubiri nikamwona anainuka, anatoka, anaketi nje chini ya ukingo wa paa, mbali na watu. Kina mama wa kwaya walikuwa wamemtazama vibaya. Mkewe akachukua mwavuli wake, akatoka, akaketi kando yake, akaufungua. Ikapiga kubwa upande wa mto Isiukhu, madirisha yakatetemeka. Wao wawili wakabaki pale pale, migongo kwetu, wanatazama maji yakishuka. Mhubiri alipotewa na mahali alipokuwa amefika. Baada ya ibada watu waliona haya, lakini kuona haya hakuondoi hofu siku hiyo hiyo.

Kwangu alikuwa anakuja asubuhi, anaketi kwenye kreti ya soda nami naziba panchari. Ndipo aliponieleza aliyoyaona alipokuwa hana fahamu kule Nairobi. Uwanja mpana usio na mwisho, nyasi zimelowa, na wachezaji wengi wa rangi ya ukungu wanacheza kimya kimya. Magoli hakuna. Mpira unapita miguuni mwao polepole, kama jani linalochukuliwa na mto. Yeye yuko katikati na filimbi mdomoni, lakini hajui apulize kwa kosa gani, maana hakuna anayekosea.

"Sikuwa na shida," akasema. "Nilikuwa natembea tu. Nikakutafuta wewe pale mstarini."

"Nilikuwepo?"

"Kulikuwa na kibendera kimesimama chenyewe."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayekusimulia hali ya barabara. Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea na panchari.

Miezi sita ilipofika alivaa suti akaenda mjini peke yake. Jioni nikamuuliza picha imesemaje. "Iko sawa," akasema. Nilifurahi, nikaacha kuuliza. Msimu ukapita, ukaja mwingine, tukacheza, tukanyeshewa. Halafu siku moja mkewe akaja kwenye karakana yangu, naye si mtu wa kuja karakanani. Alisimama kando ya magurudumu, anapindapinda leso.

"Kibendera, wewe uliiona ile picha ya kichwa?"

Nikasema sikuiona.

"Hata mimi. Nikimuuliza anasema iko sawa. Sasa ni picha gani mtu anaficha bibi yake? Juzi nimechinja hata kuku nikamuuliza vizuri. Amenyamaza tu." Akatazama barabarani. "Mimi naogopa. Naogopa nitamwita asubuhi aje chai, na hatajibu."

Nikafunga karakana. Nilimkuta shambani anapalilia mahindi. Nikamwambia nimekuja kuona picha. Akaendelea kupalilia. Nikamwambia siondoki, na nikaketi kwenye tuta kumwonyesha. Hatimaye akaegemea jembe.

"Hawakunipiga."

"Walikataa?"

"Hakuna mtu alikataa. Mlangoni kuna tangazo, nimelisoma lote. Usiingie na chuma, maana hiyo mashine ya MRI ni sumaku. Saa, funguo, ukanda, chuma chochote. Nikatoa saa. Nikatoa ukanda. Nikatoa mpaka filimbi." Akajigusa kichwa kwa kidole. "Sasa hii nitaitoa aje?"

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nikatoka. Sheria ni sheria."

Mtu amejisomea tangazo, amejihukumu, amejipa kadi nyekundu, na ametoka uwanjani mwenyewe bila kuguswa na mtu. Hakumuuliza hata mfagiaji. Maisha yake yote watu ndio waliomuuliza yeye, na jibu likawa moja, kwa hiyo haikumwingia akilini kwamba kuna mlango ambao mtu anaweza kusimama akauliza. Halafu akarudi nyumbani na kudanganya, yeye asiyedanganya, kwa sababu aliona aibu kusema amefukuzwa. Nilikasirika.

"Refa, mke wako anakuja kulia kwenye karakana yangu kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kesho tunaenda. Na mimi ndiye nitauliza."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa, angalau tutakuwa tumekataliwa na mtu."

Akatazama mahindi. Upepo ulikuwa unayapitia majani, yanalala na kuinuka. Nilijua atasema ameshaamua. Badala yake akasema, "Ule mpira wa Ekero. Siku ile ya kondoo. Ulikuwa umetoka."

"Najua."

"Hata mimi nilijua." Akang'oa gugu moja, akalikung'uta udongo. "Kesho saa ngapi?"

Chumba cha picha kilikuwa na dada mmoja mwenye sauti ya upole. Nilisema kabla Refa hajaanza kusoma chochote: "Dada, mzee huyu ana chuma kichwani." Hakushtuka. Alimuuliza ni kitu gani, kiliwekwa wapi, lini. Akaomba karatasi alizopewa alipotoka hospitalini, akazisoma, akapiga simu Nairobi, akangoja, akaandika kitu, akarudi.

"Hiyo ni platinamu, mzee. Sumaku haiishiki. Hii mashine ndiyo tunaangalizia watu kama wewe."

"Na tangazo?" Refa akauliza.

"Tangazo ni la mtu ambaye hajaniuliza."

Akalifikiria hilo. Kisha, taratibu, akiwa anatazama viatu vyake: "Na radi?"

Dada akamtazama kuona kama anatania. Akaona hatanii. "Radi haina habari na uzi huo. Inaweza kukupata vile inaweza kunipata mimi, si zaidi." Nikaona mabega ya Refa yanashuka, na nikajua ni mizigo mingapi ya mvua alikuwa ameibeba bila kutuambia.

Akalazwa kitandani, akaingizwa kwenye mviringo wa mashine, nami nikabaki nje nikiisikia ikigonga. Alipotoka macho yake yalikuwa mbali. "Wanapiga isukuti mle ndani," akaniambia. "Nimesikia ngoma kubwa, nikasikia ndogo, na ile ya kati. Nilikuwa kwenye harusi ya mtu nisiyemjua. Nikataka kutikisa mabega, nikakumbuka wamesema nisijitikise."

Daktari alituonyesha kwenye kioo. Mishipa ilikuwa myeupe ndani ya giza, inagawanyika na kugawanyika tena kama mizizi iliyooshwa mtoni. Refa akainama karibu. Alikuwa anajitazama kwa ndani, na sijui mtu husema nini wakati huo. Daktari akaweka kidole kwenye kidoa kidogo, shingoni mwa kile kijifuko.

"Hapa damu inaingia kidogo. Inawezekana imekuwa hivi tangu walipomaliza kazi. Inawezekana inaongezeka. Ile picha ya miezi sita iko wapi?"

"Haipo," Refa akasema.

"Basi, mzee, hii moja ni kama kuona mpira ukiwa hewani. Siwezi kujua unapanda ama unashuka. Rudi baada ya miezi mingine sita, tupige ya pili, tuziweke pamoja. Ikiwa inaongezeka, utaenda Nairobi waongeze uzi. Ikiwa imekaa, tutaendelea kuangalia tu."

Jioni hiyo alimwambia mkewe yote, tangazo, suti, uongo, kidoa. Alimwambia mbele yangu, amesimama. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Keti chini, chai inapoa."

Miezi ile ya kungoja ilipita kama maji chini ya daraja, huioni ikienda. Daktari hakumkataza kutembea uwanjani, mradi asijichoshe, kwa hiyo alichezesha mechi za watoto tu. Alipuliza filimbi taratibu, karibu kwa adabu. Na mara kwa mara mpira ukitoka, aligeuka upande wangu mbele ya watu wote. "Kibendera, umeona nini?" Mara ya kwanza sikujibu, nilidhani anaongea na mtu mwingine. Siku moja alifuta bao alilokuwa amelikubali, na ile timu iliyonufaika ikasimama tu, haikujua ishangilie vipi. Alikuwa mwepesi siku hizo, mpole, kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mgonjwa. Siku nyingine, akiwa kwenye kreti, alisema, "Ikivuja nikiwa katikati, wewe malizia mechi." Nikamwambia sitamalizia mechi ya mtu, mimi sina filimbi. Nilisema kwa ukali kwa sababu nilikuwa naogopa.

Siku ya picha ya pili tulienda watatu, mkewe amefunga kichwani kitambaa cha kanisani. Tulingoja asubuhi nzima. Daktari alipotuita alikuwa ameshaziweka picha mbili kando kwa kando, na mimi nikatafuta kile kidoa huku na kile kidoa kule, macho yakawa yanacheza. Sikuelewa chochote. Daktari akapima hapa, akapima pale, bila haraka, na mkewe Refa akanishika mkono wangu badala ya wa mumewe, nadhani kwa kukosea, na akauminya.

"Haijaongezeka," daktari akasema. "Iko vile vile ilivyokuwa. Tutaonana mwaka ujao."

"Na baada ya huo?" Refa akauliza.

"Na baada ya huo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utuchoke, mzee."

Tukatoka mpaka kwenye mabenchi ya korido, kungoja karatasi. Dirisha lilikuwa linaleta jua la mchana, vumbi linaelea ndani yake, na watu walikuwa wanapita na makaratasi yao. Refa akaketi kando ya mkewe. Akaangalia mikono yake.

"Mama," akasema, "mimi sijalala tangu ile picha ya kwanza. Nafumba macho tu. Niliogopa nikizama sana sitarudi."

Mkewe hakugeuka. "Hata mimi. Nilikuwa nasikiliza vile unapumua."

"Mimi nilidhani umelala."

"Na mimi nilidhani wewe umelala. Nikawa sijitikisi nisikuamshe."

Wakatazamana. Miezi yote ile, wazee wawili kitanda kimoja, kila mmoja amenyamaza kwa ajili ya mwenzake. Refa akafungua mdomo kusema kitu, lakini kichwa kikawa kimeshaanza kuinama, kikafika begani kwa mkewe, kikakaa. Mkewe akaegemeza kitambaa chake juu ya kile kichwa. Kabla sijapata la kuwatania, wote wawili walikuwa wamelala fofofo, saa saba mchana, midomo wazi, katikati ya kelele za hospitali.

Karatasi zikaja nikazipokea mimi. Baadaye mlinzi akapita, akasimama, akaniuliza wazee hawa wanangoja nini. Nikamwambia hawangoji tena.